Luigi Galvani, Mwalimu Aliyekataa Kuapa

Mtoto akikanyaga kaa la moto, huinua mguu kabla hajalia. Ni nani aliyepeleka habari upesi hivyo? Wataalamu wa zamani walidhani kwamba ndani ya mishipa ya fahamu hupita hewa au majimaji yasiyoonekana. Aliyefungua njia ya kuujua ukweli ni Mkatoliki, Luigi Galvani, aliyezaliwa Bologna, nchini Italia, mwaka 1737.

Galvani alikuwa tabibu, mwalimu wa elimu ya viungo vya mwili, na mwana wa Utawa wa Tatu wa Mtakatifu Fransisko. Akisaidiwa na mkewe Lucia, alichunguza miguu ya vyura kwa miaka mingi. Mguu wa chura aliyekufa ulishtuka mshipa wake ulipoguswa kwa kisu, wakati mashine ya umeme iliyokuwa karibu ilipotoa cheche. Mwaka 1791 alitangaza kwamba mwili una umeme wake wenyewe. Lucia hakukiona kitabu hicho. Alikuwa amekwisha kufariki.

Alessandro Volta, naye Mkatoliki, alimpinga, akisema umeme ule watoka katika madini mawili yanayogusana. Galvani akaonyesha kwamba mguu hushtuka hata pasipo madini. Kila mmoja alikuwa na sehemu ya ukweli: Volta alitengeneza betri mwaka 1800, na mwaka 1952 Waingereza Hodgkin na Huxley, wakichunguza mshipa wa ngisi, walieleza jinsi ishara inavyokwenda. Chembe za sodiamu zenye umeme huingia ndani ya mshipa, kisha za potasiamu hutoka. Sehemu moja huiamsha ya pili, kama moto ushikavyo nyasi kavu.

Lakini Galvani alipimwa kwa jambo kubwa kuliko umeme. Mwaka 1798 serikali mpya, iliyosimamishwa na majeshi ya Ufaransa, iliwataka walimu waape utii kwake. Yeye aliona kiapo hicho kinapingana na imani yake. Akakataa, akapoteza kazi na mshahara. Serikali ilipokusudia kumrudisha bila kiapo, alikuwa amechelewa kufikiwa: alifariki tarehe 4 Desemba mwaka huo huo, akazikwa katika kanisa la Corpus Domini.

Wazazi, wapelekeni watoto shule bila hofu kwamba elimu itawaondoa kwa Mungu. Lakini wafundisheni pia kwamba dhamiri haiuzwi, hata kwa mshahara wa mwalimu.