Goti lilimtoa uwanjani, akarudi kuongoza shangwe

UKITAKA kuona mpira unavyoweza kumgeuka mtu, kaa pembeni ya uwanja wa Tandale pale Tukuyu msimu wa masika. Mvua ya Rungwe haina mchezo. Nyasi zimelowa, tope limeshika. Winga anapokea pasi, anageuka ghafla, mguu unabaki kwenye tope na mwili unaenda upande mwingine. Goti limekwenda. Miezi miwili baadaye unamkuta jamaa yule yule kwenye mstari, kavaa ndala, kashika debe, anawaimbisha mashabiki. Watu wanamwitikia na kucheka naye. Anajisikiaje moyoni, hilo huulizi.

Mji huu unajua mpira. Tukuyu Stars, Banyambala wenyewe, walipanda daraja na kubeba ubingwa wa Bara mwaka huo huo, 1986, wakiwaacha Simba na Yanga wakishangaa. Lakini nyuma ya kila kikosi cha namna hiyo kuna vijana waliokaribia tu, wakaishia kushangilia.

Kuna na wengine wanaofika pembeni ya uwanja kwa njia tofauti. Binti au kijana amezoea ngoma na kwaya za UMISSETA, anaingia na kundi lake, majaji wanatoa alama, mshindi anatangazwa. Kisha anachaguliwa kwenda chuo cha ualimu, Tukuyu au Mpuguso, na siku ya mechi anaambiwa aongoze shangwe. Hakuna jaji. Hakuna alama. Hakuna hata anayemtazama yeye, maana macho yote yapo kwenye mpira. Marekani mambo haya yamekuwa makubwa zaidi. Huko watoto wanakulia kwenye klabu za kushindana kushangilia, wanapanga minara ya watu na kuruka sarakasi kwa dakika 2 na sekunde 30 mbele ya majaji, na tangu mwaka 2021 shirikisho lao la kimataifa linatambuliwa rasmi na Kamati ya Olimpiki. Wakifika chuo kikuu wanapelekwa kando ya uwanja wa mpira, wakae hapo saa tatu, wafanye kazi ya kuisaidia timu nyingine ishinde. Wengi inawachanganya. Ulikuwa mchezaji, sasa wewe ni msaidizi wa mchezaji.

Njia hiyo ya kutoka kwenye ushindani hadi kwenye mstari wa pembeni aliwahi kuipita mtu ambaye dunia inamfahamu kwa mambo mengine kabisa. Ni Dwight Eisenhower, jenerali aliyeongoza majeshi ya washirika kuwavamia Wajerumani kule Normandy mwaka 1944, kisha akawa Rais wa 34 wa Marekani.

MGUU ULIOGOMA KUKATWA

Eisenhower alizaliwa Oktoba 14, 1890 Denison, Texas, akakulia Abilene, mji mdogo wa jimbo la Kansas. Wavulana tupu nyumbani, saba walizaliwa, mmoja akafariki akiwa mchanga. Pesa hazikuwepo. Baba alikuwa anafanya kazi kwenye kiwanda cha maziwa na siagi.

Akiwa kijana mdogo aliangukia goti, akachubuka kidogo tu. Kidonda kikaingia sumu, mguu ukavimba, homa ikampanda hadi akawa anaweweseka. Daktari aliona dawa ni kuukata. Dwight akagoma, na akamwomba kaka yake Edgar asimame mlangoni asimruhusu mtu kuugusa akiwa hajitambui. Edgar alisimama kweli. Mguu ukapona. Kwa kijana yule mguu ulikuwa na maana moja, kucheza. Shuleni Abilene alicheza besiboli na mpira wa Kimarekani, ule wa kubeba mpira mkononi na kuangushana, na hata chama cha michezo cha shule alikuwa miongoni mwa walioandika katiba yake.

Alipomaliza shule mwaka 1909 waliwekeana makubaliano na Edgar. Mmoja asome, mwingine afanye kazi amlipie, halafu wabadilishane. Dwight akaanza yeye kufanya kazi, zamu za usiku kiwandani, karibu miaka miwili. Zamu yake ya kusoma kwa pesa ya Edgar haikufika. Akasikia kuna chuo cha jeshi ambacho ada hulipi, na mpira unachezwa. Juni 1911 akaingia West Point, kwenye kingo za mto Hudson, jimbo la New York. Kwa kulinganisha, wakati huo Tukuyu ilikuwa inaitwa Neu Langenburg na bendera kwenye boma ilikuwa ya Mjerumani.

SIKU SABA ZA NOVEMBA

Mwaka wa kwanza alicheza timu ya pili ya chuo, ikiitwa Cullum Hall. Akala, akanyanyua vitu vizito, akaongeza mwili. Mwaka 1912 akapanda kikosi cha kwanza akicheza mkimbiaji wa nyuma, yule anayepewa mpira apenye katikati ya watu. Alikuwa mkali. Magazeti ya New York yakaanza kumtaja kama mmoja wa vijana wa kuangaliwa.

Novemba 9 wakacheza na Carlisle, shule ya Wahindi Wekundu, ambayo mchezaji wake alikuwa Jim Thorpe. Huyu Thorpe miezi michache nyuma alitoka Olimpiki ya Stockholm na dhahabu mbili. Eisenhower na mwenzake wakapanga kumbana katikati wamtoe mchezoni. Thorpe akasimama ghafla, wao wawili wakagongana wenyewe kwa wenyewe, wakatolewa nje. Carlisle ikashinda 27-6.

Wiki moja baadaye, Novemba 16, mechi na Tufts. Eisenhower anakimbia na mpira, mtu anamshika mguu, yeye anajipinda kutaka kuchomoka. Goti likageuka. Akalazwa siku chache, uvimbe ukapungua, akaruhusiwa. Hapo ndipo lilipofanyika kosa lenyewe. Kwenye mazoezi ya farasi, yale ya kuruka chini na kupanda tena farasi akiwa anakimbia, aliruka, akatua, na goti likavunjika kabisa. Safari hii madaktari waliunyoosha mguu, wakaufunga plasta, na wakamwambia mpira basi. Alikuwa na miaka 22.

Kama umewahi kumwona mchezaji anayeambiwa hivyo, hushangai kilichofuata. Barua zake za wakati ule ni za mtu aliyenyong'onyea. Akaanza kuvuta sigara, tena za kusokota, akijua sheria za chuo zinakataza. Masomo yakashuka. Adhabu zikaongezeka. Zaidi ya mara moja alitaka kuacha chuo arudi Kansas, na wenzake wakamsihi abaki. Kijana aliyeutunza mguu wake hadi kuuwekea mlinzi, mguu huo huo ukamtoa.

KUUPA MCHEZO MGONGO

Misimu iliyofuata Eisenhower alirudi uwanjani, ila upande wa pili wa mstari. Akawa kiongozi wa ushangiliaji wa chuo.

Msomaji asije akachora picha ya mabinti na sketi fupi. Zama zile ilikuwa kazi ya wanaume. Historia inaanzia Novemba 2, 1898, pale mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Johnny Campbell, alipotoka jukwaani akasimama mbele ya wenzake na kuwaongoza kupiga kelele kwa pamoja. Timu yao ikashinda, utaratibu ukaenea. Franklin Roosevelt, naye rais wa baadaye, alifanya kazi hiyo Harvard. Wanawake walianza kuingia miaka ya 1920, na Vita Kuu ya Pili ilipowachukua wanaume vyuoni ndipo wakawa wengi.

Sasa kazi yenyewe. Kiongozi wa shangwe anasimama akiwa ameupa mchezo mgongo. Mechi ipo nyuma yake, yeye anatazama watu. Bao analisoma kwenye nyuso zao kabla hajaligeukia. Kwa mtu aliyetoka kuwa katikati ya gemu, hiyo ni adhabu ya aina yake. Lakini pia si kazi ya kila mwenye sauti. Mpira wa Kimarekani una taratibu zake, timu yako ikiwa na mpira unatakiwa kunyamaza ili wachezaji wasikie maelekezo, mpinzani akiwa nao ndio unawasha moto. Asiyeujua mchezo anapiga kelele wakati mbaya na kuiumiza timu yake mwenyewe. Hapa ndipo hata hawa vijana wa siku hizi wanaotoka kwenye mashindano hukwama. Sarakasi wanazo, lakini wanangoja zamu yao, na pembeni ya uwanja hakuna zamu. Mechi ndiyo inayoamua lini uruke na lini utulie.

Eisenhower mchezo aliujua kwa mifupa. Na kulikuwa na kipande kingine cha kazi hiyo ambacho hakukitegemea. Usiku wa kuamkia mechi, kiongozi wa shangwe alitakiwa kusimama mbele ya wanachuo wote na kuwahutubia. Kijana wa Abilene hakuwa amewahi kuzungumza na umati. Akajifunza palepale, msimu baada ya msimu, mbele ya vijana mia kadhaa ambao wakichoka wanakuzomea. Ndiyo hotuba zake za kwanza maishani.

Tena walimpa timu ya pili aifundishe, Cullum Hall ile ile aliyoanzia. Huko nako akaonekana anaweza. Wachezaji wake kadhaa walipanda kikosi cha kwanza.

Hata hivyo isidhaniwe kwamba alifurahi tu na maisha yakaendelea. Aliyapenda hayo mawili kwa sababu yalimweka karibu na uwanja, lakini pengo lilibaki. Hadi uzeeni alikuwa akilisimulia goti lile kwa uchungu, mtu aliyeshinda vita na chaguzi mbili.

KARIBU ANYIMWE CHEO

Mwaka 1915 alihitimu wa 61 kati ya 164. Kwa nidhamu alikuwa wa 125. Darasa hilo baadaye lilitoa majenerali 59, lakini kwa huyu jeshi lilisita, daktari wa chuo akihofia kwamba goti lingemfanya mzigo. Eisenhower akawa anafikiria kwenda zake Argentina. Mwishowe wakakubali, akapelekwa askari wa miguu, San Antonio, Texas. Unampeleka mwenye goti bovu kwenye jeshi la kutembea. Mambo ya ofisi hayo.

San Antonio shule zikamfuata awafundishie timu, akakubali. Akafundisha na chuo cha Mtakatifu Louis mwaka 1916, mwaka aliomwoa Mamie Doud. Kwa miaka iliyofuata kila kambi aliyohamishiwa, wakubwa walitaka kwanza awafundishie timu ya mpira. Mwanzoni ilikuwa raha, baadaye ikawa kero, maana wenzake walikuwa wanapewa vikosi na yeye anapewa filimbi. Vita Kuu ya Kwanza iliisha bila yeye kuvuka bahari. Mara ya pili maishani anakaa pembeni wakati wengine wanacheza.

USIKU WA KUAMKIA MECHI

Historia ya Vita Kuu ya Pili inajulikana, haina haja ya kuirudia yote. Kutoka luteni kanali asiyejulikana alipanda haraka, akaongoza uvamizi wa Afrika Kaskazini Novemba 1942, na mwishoni mwa 1943 akateuliwa kuongoza safari ya Ufaransa.

Ila ipo jioni moja ambayo mtu wa mpira ataielewa kuliko wengine. Ni Juni 5, 1944. Amri imeshatoka, hairudishwi. Eisenhower akapanda gari kwenda uwanja wa ndege wa Greenham Common, Uingereza, ambako askari wa miavuli wa Divisheni ya 101 walikuwa wanajipaka masizi usoni tayari kuruka usiku ule. Alikuwa ameambiwa na mmoja wa wasaidizi wake wakuu kwamba wengi wao huenda wasirudi. Hakusimama jukwaani. Akapita katikati yao, anamuuliza huyu anatoka jimbo gani, yule alikuwa anafanya kazi gani nyumbani, mwingine wanazungumza habari za kuvua samaki. Picha ipo, mkono wake umeinuka, vijana wamemzunguka. Kisha ndege zikaanza kuondoka naye akabaki chini, akizitazama hadi ya mwisho.

Mfukoni alikuwa na karatasi aliyoandika mwenyewe, kwamba mambo yakiharibika lawama zote ni zake. Haikuhitajika kusomwa.

Septemba mwaka huo huo, kule Ufaransa, ndege yake ndogo ililazimika kutua ufukweni kwa hali mbaya ya hewa, maji yakawa yanajaa. Kamanda mkuu akashuka kumsaidia rubani kuisukuma. Akateguka goti, akawekwa kitandani siku kadhaa.

Aliapishwa kuwa rais Januari 1953, akatoka Januari 1961 baada ya vipindi viwili. Kwenye kumbukumbu zake alieleza kwamba alipokuwa anatafuta makamanda, waliocheza mpira walimvutia mapema. Waliocheza, si walioshangilia. Hapo unaona alikokuwa moyo wake hata baada ya miaka yote ile.

Moyo ndio uliomuua, Machi 28, 1969, hospitali ya Walter Reed, Washington, akiwa na miaka 78. Akasafirishwa kwa treni hadi Abilene na kuzikwa ndani ya jeneza la kawaida la askari, la dola 80, umbali mfupi kutoka nyumba ile ambayo Edgar alisimama mlangoni kulinda mguu.