Kocha Dave Williams na Timu za Gofu za Houston

Katika kijitabu hiki tumezoea kusimulia maisha ya mtu wa kwetu. Mwaka huu wenzetu wanaoishi Houston, Marekani, wametuletea jina la mgeni, nasi tukalikubali baada ya kubishana kidogo. Waliokulia Moshi wakibeba mifuko ya gofu pale Moshi Club hawatatushangaa.

Dave Williams alikuwa mwalimu wa uhandisi katika Chuo Kikuu cha Houston. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alikabidhiwa timu ya gofu ya chuo, ingawa yeye mwenyewe hakuwa mchezaji wa kutajwa. Mwaka 1956 timu hiyo ikatwaa ubingwa wa vyuo vya Marekani, kisha ikaushika miaka mitano mfululizo. Alipostaafu mwaka 1987 alikuwa amechukua mataji 16, la mwisho likiwa la 1985.

Siri yake ilikuwa mchujo. Timu ya gofu ya chuo hupeleka wachezaji wachache tu mashindanoni. Siku hizi ni watano, na alama za wanne bora ndizo zinazohesabiwa. Williams alikusanya vijana wengi kuliko nafasi, akawashindanisha wao kwa wao kabla ya kila safari. Hakukuwa na kiti cha kudumu. Aliyeng'ara mwezi uliopita alianza tena sawa na mgeni aliyeingia jana, na wapo vijana hodari ambao wangepangwa moja kwa moja katika chuo kingine lakini Houston walibaki nyumbani wenzao wakisafiri. Ulikuwa utaratibu mkali, na hatusemi kwamba haukuwaumiza baadhi yao. Lakini aliyepita mchujo ule hakutetemeka tena mbele ya wapinzani wa nje, maana wapinzani wake wagumu zaidi alikwisha kukutana nao nyumbani.

Kati yao tunampenda zaidi Homero Blancas. Baba yake alikuwa mtunza nyasi wa River Oaks, klabu ya matajiri ya Houston, na mtoto alikulia hapo hapo uwanjani. Williams alimchukua chuoni. Mwaka 1962, katika mashindano ya Longview, Texas, Blancas alimaliza mashimo 18 kwa mikwaju 55, jambo ambalo wachezaji wa gofu wanalizungumzia mpaka leo. Baadaye wakaja wengine kutoka mbali: Fuzzy Zoeller wa Indiana, Fred Couples wa Seattle, Steve Elkington wa Australia. Wote watatu walikuja kushinda mataji makubwa ya dunia.

Kuna upande mwingine ambao hatutauficha. Chuo hicho kilikuwa cha Wazungu hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960, na chama cha wachezaji wa kulipwa wa Marekani kiliwafungia weusi mlango kwa katiba yake hadi 1961. Kwa hiyo katika miaka yake ya kwanza ya ushindi, mchujo wa Williams ulikuwa wa haki kwa wale tu walioruhusiwa kupita getini. Mtoto mweusi wa Houston mwenye kipaji kama cha Blancas asingefika hata kwenye mchujo wenyewe.

Williams alifariki mwaka 1998. Tuzo ya kila mwaka ya kocha bora wa gofu ya vyuo nchini Marekani imepewa jina lake.

Tumemleta hapa kwa sababu ya ubishi wa mkutano wetu uliopita. Baadhi yetu tulitaka fedha zote za michezo ziwaendee vijana wawili ambao kila mtu nyumbani anawajua. Wengine tuliuliza ni nani aliyewahi kuwapima watoto wa shule za juu mlimani, ambao hata nauli ya kushukia mjini hawana. Tulipiga kura, na upande wa pili ukashinda kwa kura chache. Basi michango ya mwaka huu italipa nauli, chakula na mipira kwa mchujo wa shule zote za kata zetu. Wale vijana wawili wamealikwa pia, nao wataanzia mstari mmoja na wenzao. Fomu ya ahadi iko ukurasa wa mwisho.