Paul Mauser: Fundi aliyeumizwa na bunduki yake

Ukiwa na miaka 12 ulikuwa unafanya nini? Paul Mauser, kitindamimba wa watoto 13, alikuwa tayari anafanya kazi katika kiwanda cha bunduki mjini Oberndorf, Ujerumani.

Alizaliwa 1838, baba akiwa fundi wa bunduki. Yeye na kakake Wilhelm waliunda bunduki iliyochukuliwa na jeshi mwaka 1871. Askari wa Wajerumani kule Tanganyika bado waliibeba 1914, moshi wake ukiwafichua kwa adui.

Wilhelm alifariki 1882, lakini Paul hakulegea. Ujanja wake ulikuwa kwenye komeo, kile chuma unachovuta nyuma ili kuingiza risasi. Komeo lake la 1898 askari angelifungua kwa mikono mitupu, bila bisibisi: atoe pini na springi, apanguse uchafu, apake mafuta kidogo, alirudishe.

Basi ungedhani jamaa huyu hangeumizwa na bunduki, sivyo? Mwaka 1901, akijaribu bunduki mpya inayojipakia yenyewe, ililipuka akapoteza jicho la kushoto. Alifariki Mei 1914.

Kwa hivyo ukisikia mtu akijigamba kuwa amezoea silaha, mkumbushe Mauser. Hata aliyeiunda haikumhurumia.