Luca Pacioli, mtawa aliyewachukia wenye vitabu viwili

Kama unauza omena Homa Bay, au una kiduka pale mpakani Isebania, Migori, kuna mtawa Mwitaliano unayetumia akili yake kila siku. Anaitwa Luca Pacioli. Wasomi wa CPA humwita baba wa uhasibu, ingawa mwenyewe hakudai amebuni chochote. Alieleza tu mtindo wa wafanyabiashara wa Venice.

Alizaliwa Sansepolcro mnamo 1447 hivi. Akiwa kijana aliajiriwa Venice kufundisha watoto wa mfanyabiashara mmoja, na huko ndiko alikoona pesa zinavyozunguka. Baadaye akawa mtawa Mfransisko na mwalimu wa hisabati.

Mwaka 1494 alichapisha kitabu kinene, Summa, chenye sehemu kuhusu hesabu za biashara. Hapa namvulia kofia: wasomi wenzake walikuwa wanaandika Kilatini, yeye akaandika Kiitaliano, lugha ya sokoni.

Anakuanzisha hivi. Orodhesha kila ulicho nacho, hadi nguo, na kila deni. Halafu fungua vitabu vitatu. Cha kwanza ni cha haraka: chochote kikiuzwa kinaandikwa papo hapo, hata na mke au mfanyakazi, kwa sarafu yoyote iliyoingia. Wewe wa Isebania unaelewa, si asubuhi unapokea shilingi ya Kenya na mchana ya Tanzania? Cha pili kinageuza zote kuwa sarafu moja. Cha tatu kinaandika kila kiasi mara mbili, kilikotoka na kilikoenda. Pande mbili zikikataa kulingana, kuna kosa mahali, litafute.

Kilichomuudhi ni wafanyabiashara wenye vitabu vya aina mbili, kimoja cha kumwonyesha mnunuzi, kingine cha muuzaji. Ndiyo maana alisifu miji ambako ulipeleka vitabu vyako kwa ofisi ya umma vikatiwa alama kabla ya kuvitumia. Yaani hesabu si siri ya mwenye duka. Ni za yule atakayezisoma akiamua kama akuamini.

Wazo hilo limesafiri mbali. Kenya ilianza kufuata viwango vya kimataifa vya uhasibu 1999, na tangu 2014 kuna bodi inayoweka viwango vya hesabu za serikali, kaunti za Migori na Homa Bay zikiwemo. Sawa kabisa. Lakini hebu fungua ripoti moja ya kaunti uone: Kiingereza kigumu, kurasa kwa kurasa. Mama anayelipia ushuru wa soko kila siku ataisoma vipi, jamani? Pacioli angeianza na Dholuo.

Mwenyewe alihamia Milan miaka ya 1490, akafanya urafiki na Leonardo da Vinci, aliyemchorea kitabu kingine. Wafaransa walipoivamia Milan 1499, wawili hao wakatoroka. Pacioli alifariki 1517. Leonardo alikuwa amenunua Summa kwa soldi 119, na bei hiyo akaiandika kwenye daftari lake.