Abebe Bikila Hakubahatisha

Wanachuo wenzangu, kila nikisikia habari za Abebe Bikila, stori huishia kwenye miguu peku. Kana kwamba pale Roma mwaka 1960 alikurupuka tu akashinda marathoni. Jamani, hapana!

Bikila alikuwa askari katika kikosi cha walinzi wa Mfalme Haile Selassie wa Ethiopia, akinolewa na kocha Onni Niskanen, raia wa Sweden. Viatu alivyopata Roma vilimbana, na peku alishazoea mazoezini. Akamaliza kilomita 42 kwa saa 2:15:16.

Tokyo 1964, wiki chache tu baada ya kupasuliwa kidole tumbo, alivaa viatu akashinda tena. Ndiye wa kwanza kutetea ubingwa huo wa Olimpiki. Alipofika, akaanza kujinyoosha kwenye nyasi za uwanja!

Mwaka 1969 ajali ya gari ilimpooza miguu. Hakukaa bure; akashindana kwa upinde na mshale huko Uingereza. Alifariki 1973, akiwa na miaka 41.

Mimi mwalimu mtarajiwa nitawaambia wanafunzi wangu hivi: tazameni mazoezi kabla ya miguu peku. Na wewe unayengoja ratiba ya mitihani itoke ndo uanze kukesha, umesikia?