Gottfried Reiche: Mpiga Tarumbeta wa Leipzig na Chombo Kilichofuliwa Upya kutokana na Picha

Wapenzi wa muziki wa Ulaya wa enzi ya Baroki, yaani kipindi kinachokadiriwa kuanzia mwaka 1600 hadi 1750, hulitaja jina la Johann Sebastian Bach kwa urahisi. Aghalabu huwasahau watu walioutia pumzi muziki wake. Gottfried Reiche alikuwa mmoja wa watu hao. Alizaliwa tarehe 5 Februari 1667 katika mji wa Weissenfels, Ujerumani, akafariki tarehe 6 Oktoba 1734 mjini Leipzig akiwa na umri wa miaka 67. Baina ya tarehe hizo mbili kuna maisha ya fundi aliyepanda ngazi polepole, picha moja ya rangi, na tarumbeta ambalo lenyewe limepotea lakini ambalo mafundi wa karne ya 20 walijaribu kulifua upya.

Weissenfels ulikuwa mji wa watawala waliopenda fahari, na fahari ya mtawala katika Ujerumani ya wakati huo ilipimwa, pamoja na mambo mengine, kwa idadi ya wapiga tarumbeta wake. Baba mkwe wa Bach mwenyewe, Johann Caspar Wülcken, alikuja kuwa mpiga tarumbeta wa ikulu hiyo. Hata hivyo, Reiche hakuishia ikulu. Mwaka 1688, akiwa kijana wa miaka 21, alifika Leipzig, mji wa wafanyabiashara na wa chuo kikuu, akaanza kazi kama msaidizi wa wanamuziki walioajiriwa na baraza la mji. Wanamuziki hawa walikuwa na madaraja yao. Chini walikuwako wapigaji wa fidla, na juu yao wapigaji wa ala za kupuliza. Reiche aliingia daraja la wapiga fidla mwaka 1700, akapandishwa hadi daraja la wapulizaji mwaka 1706, na mwaka 1719 akawa mkuu wao. Miaka 31 kutoka msaidizi hadi mkuu! Huo haukuwa mwendo wa mtu mwenye haraka.

Kazi ya wapulizaji hawa haikuwa ya kanisani pekee. Kila siku walipanda kwenye mnara wa jengo la baraza la mji na kuupulizia mji mzima muziki mfupi. Mtangulizi mmoja wa Reiche, Johann Pezel, alichapisha mwaka 1670 mkusanyiko wa vipande vya namna hiyo na kuupa jina la Kilatini lenye maana ya saa ya kumi, ambayo kwa hesabu ya Mswahili ni saa nne asubuhi. Reiche naye alichapisha mwaka 1696 vipande 24 vya sauti nne, vilivyokusudiwa kupigwa kwa korneti moja, ambayo wakati huo ilikuwa bomba la mbao lililofunikwa kwa ngozi, na tromboni tatu. Vipande hivyo ni vifupi na havina makeke. Ndivyo muziki wa kupigwa juu ya mnara unavyopaswa kuwa, kwa maana anayeusikia yumo sokoni na shughuli zake mkononi.

Ni muhimu hapa kueleza tarumbeta la zama hizo lilivyokuwa, kwa sababu bila maelezo hayo umahiri wa Reiche hauwezi kueleweka. Tarumbeta linalojulikana leo katika bendi zetu lina valvu tatu ambazo vidole huzibonyeza ili kubadili urefu wa njia ya hewa. Tarumbeta la Baroki halikuwa na valvu hata moja. Lilikuwa bomba tupu la shaba ya manjano lenye urefu unaozidi mita 2, likakunjwa ili lishikike, likaishia kwa kinywa kilichopanuka. Bomba la namna hiyo haliwezi kutoa kila sauti anayoitaka mpigaji. Hutoa sauti zile tu ambazo maumbile ya hewa iliyomo ndani yameziruhusu. Za chini zimeachana mno, kiasi kwamba huwezi kuziunganisha kuwa wimbo. Ni za kutangazia vita na kuwasili kwa wakuu. Kadiri mpigaji anavyopanda ndivyo sauti zinavyosogeleana, na kuanzia ile ya nane hivi huwa zimekaribiana kiasi cha kuweza kuimba. Huko juu ndiko watunzi walikomwandikia Reiche. Lakini huko juu nako kuna mitego. Sauti ya kumi na moja imekaa katikati ya noti mbili, si hii wala si ile, na ya kumi na tatu iko chini ya mahali pake. Mpigaji hana budi kuzivuta kwa midomo hadi zikae sawa na ala nyingine, na afanye hivyo kwa kasi, bila kupepesuka, mbele ya umati.

Yafaa kukumbuka kwamba hata neno tarumbeta katika Kiswahili lilitokana na Wareno, na kwamba matarumbeta waliyokuja nayo pwani yetu yalikuwa ya aina hiyo hiyo isiyo na valvu. Tena waliyakuta masiwa. Siwa ya pembe ya Pate na ile ya shaba ya Lamu hupulizwa ubavuni na sauti zake ni chache, lakini kijamii zilisimama mahali palepale. Hazikuwa chombo cha kila mtu. Ujerumani nako palikuwa na mipaka. Mwaka 1623 Kaizari Ferdinand II aliwapa wapiga tarumbeta na ngoma za kifalme haki maalumu zilizokilinda chama chao, na watawala wa Saksonia walitoa amri za kuwazuia wasiokuwa wa chama hicho wasilitumie tarumbeta ovyo. Wanamuziki wa miji walitazamwa kwa jicho la husuda na wale wa ikulu. Kwa hiyo Reiche, mtumishi wa baraza la mji, alijijengea jina katika ala ambayo wenye vyeo waliiona kuwa mali yao.

Bach aliwasili Leipzig mwaka 1723 kushika kazi ya muziki katika makanisa ya mji. Wakati huo Reiche alikuwa na miaka 56, umri ambao wapigaji wengi wa ala za kupuliza huwa wameanza kupungukiwa na pumzi au meno. Krismasi ya mwaka huo huo Bach alitoa utungo wake wa Magnificat wenye matarumbeta matatu. Kwa miaka kumi na moja iliyofuata sikukuu hazikupita bila sehemu ngumu za tarumbeta, na haielekei kwamba mtunzi angeendelea kuandika hivyo kwa mtu aliyekuwa akishindwa. Mnamo Agosti 1730 Bach aliliandikia baraza la mji waraka wa kulalamikia uhaba na udhaifu wa wanamuziki wake. Katika orodha aliyoiambatisha, nafasi ya tarumbeta la kwanza ina jina la Reiche. Alikuwa na miaka 63.

Chanda chema huvikwa pete. Mwaka 1727, mwaka ambao Reiche alitimiza miaka 60, mchoraji Elias Gottlob Haussmann alimchora picha ya rangi. Ni Haussmann huyu huyu aliyemchora Bach mwaka 1746. Katika picha hiyo Reiche amevaa nadhifu na uso wake umejaa. Mkono mmoja umeshika kipande cha karatasi chenye muziki, na mwingine umeshika tarumbeta. Lakini si tarumbeta refu lililokunjwa mara mbili kama yale ya wapiga mbiu wa ikulu. Limezungushwa duara juu ya duara, kama kamba ya nahodha iliyokunjwa sitahani. Wataalamu wamebishana sana kuhusu chombo hicho, wengine wakikiita tarumbeta, wengine wakikihesabu katika jamii ya pembe za wawindaji. Muziki ulio kwenye karatasi nao unasomeka. Ni kipande kifupi cha kasi, na ndicho kilichochaguliwa kufungulia kipindi cha televisheni cha Jumapili asubuhi cha shirika la CBS la Marekani kilichoanza mwaka 1979. Mamilioni ya watazamaji wamekisikia bila kujua kwamba kilisomwa kutoka mkononi mwa mtu aliyechorwa miaka 252 kabla.

Kifo chake kilikuja kazini, au pua na mdomo na kazini. Mapema Oktoba 1734 Augustus III, mtawala wa Saksonia na mfalme wa Poland, alifika Leipzig, na tarehe 5 ilikuwa kumbukumbu ya mwaka mmoja tangu achaguliwe kuwa mfalme. Bach alikuwa na siku chache tu za kutunga kantata ya kumsifu. Ilipigwa usiku, nje, katika uwanja wa soko, huku wanafunzi 600 wa chuo kikuu wakiwa na mienge ya nta. Sehemu za tarumbeta katika utungo huo ni za juu na hazitoi nafasi ya kupumzika. Kesho yake Reiche alikuwa akirejea nyumbani alipoanguka karibu na mlango wake, katika kichochoro kilichopewa jina la wapulizaji wa mji, akafa kwa kiharusi. Mwandishi wa tarihi ya mji, Johann Salomon Riemer, alikihusisha kifo hicho na juhudi ya usiku ule na moshi wa mienge. Daktari wa leo angetaja pia umri na shinikizo la damu. Hata hivyo tarihi ya Riemer haipaswi kupuuzwa. Kupuliza tarumbeta kwa sauti za juu huongeza shinikizo la damu, na mzee wa miaka 67 aliyefanya hivyo ndani ya moshi, kwa ajili ya mfalme, hakuwa na njia ya kukataa.

Kuna jambo linalostahili kuzingatiwa baada ya hapo. Zilipita siku 80 tu hadi Krismasi, na Bach akafungua utungo wake mkubwa wa sikukuu hiyo kwa ngoma na matarumbeta matatu. Korasi hiyo ya ufunguzi ilikuwa imepigwa kwa maneno mengine Desemba 1733, Reiche akiwa hai. Sasa tarumbeta la kwanza lilishikwa na Ulrich Heinrich Ruhe. Sehemu haikurahisishwa. Ustadi ulikuwa umerithishwa kwa njia ya uanagenzi, kutoka mdomo wa mzee hadi mdomo wa kijana, na kwa muda bado uliishi.

Lakini haukuishi sana. Kufikia mwisho wa karne ya 18 mitindo ya utunzi ilibadilika, vyama vya wapiga tarumbeta vikafifia, na baadaye valvu zikaingia. Muziki wa Bach uliporejea majukwaani katika karne ya 19, hapakuwa na mtu aliyeweza kuupuliza. Mwaka 1884, sanamu ya Bach ilipozinduliwa mjini Eisenach, Julius Kosleck alitumia tarumbeta refu lililonyooka lenye valvu. Watu wakaliita tarumbeta la Bach, ilhali Bach hakuwahi kuliona chombo kama hicho maishani mwake.

Ndipo picha ya Haussmann ilipoanza kufanya kazi ambayo mchoraji hakuikusudia. Mnamo mwaka 1960 hivi, Otto Steinkopf na fundi Helmut Finke walitengeneza tarumbeta la duara kwa kuufuata mkono wa Reiche pichani, na Walter Holy akalipiga. Walifanikiwa kuurejesha umbo lake. Ila walitoboa matundu madogo katika bomba. Tundu likifunguliwa, sauti zilizopinda hukaa sawa na hatari ya kukosea hupungua. Matundu hayo, au mengine ya mfano wake, yalienea haraka katika vikundi vinavyotumia ala za kale, na hadi leo matarumbeta mengi yanayoitwa ya Baroki yanayo.

Mafundi wengine waligeukia Nuremberg, mji uliokuwa kitovu cha ufuaji wa matarumbeta, ambako familia kama ya Haas ilifanya kazi hiyo kwa vizazi vitatu. Vyombo vyao halisi vimo katika majumba ya makumbusho, kwa hiyo vingeweza kupimwa. Mhifadhi Robert Barclay wa Kanada alichapisha mwaka 1992 kitabu kinachoeleza hatua zao. Bamba la shaba hukatwa, hukunjwa juu ya fimbo ya chuma na kulehemiwa ukingoni. Kinywa hufuliwa kwa nyundo juu ya fuawe hadi kipanuke. Bomba hujazwa risasi iliyoyeyushwa kabla ya kupindwa, lisije likabonyea, kisha risasi huyeyushwa tena na kumwagwa. Viungo haviunganishwi kwa lehemu, huzibwa kwa nta. Bomba lililofuliwa hivyo halilingani unene kila mahali, na wapo wapigaji wanaoshikilia kwamba kasoro hiyo ndiyo inayoiruhusu midomo kuivuta sauti, jambo ambalo bomba laini la kiwandani hulikataa.

Mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili analijua tatizo hili kwa sura nyingine. Hati ya utenzi inaweza kusomwa herufi kwa herufi na bado mahadhi yake yakawa yamekwenda na waimbaji. Shaba ya Reiche ilirudi kabla ya mdomo wake kurudi. Ni katika karne ya 21 tu ambapo wapigaji wachache, Mfaransa Jean-François Madeuf akiwa mmoja wao, walianza kurekodi muziki wa Bach kwa matarumbeta yasiyo na tundu, baada ya miaka ya kujifunza upya kile ambacho wanagenzi wa Leipzig walikipata kwa kumsikiliza mkuu wao kila siku. Picha ya Reiche imehifadhiwa na makumbusho ya historia ya mji wa Leipzig, ambayo makao yake ni jengo la zamani la baraza la mji, lile lile ambalo mnara wake aliupanda saa nne asubuhi. Tarumbeta lililo mkononi mwake halina tundu hata moja.