Ludwig Koch: Mtu Aliyezipa Sauti za Ndege Makao

Shuleni tumezoea kuamini kwamba elimu ni kile kilichoandikwa. Hata hivyo, kuna maarifa mengi ambayo kalamu haiwezi kuyabeba. Tuchukue mfano mdogo. Mswahili husema jogoo huwika kokoriko, naye Mjerumani husema kikeriki. Jogoo hajabadilisha lugha. Ni masikio yetu na herufi zetu zilizoshindwa kuafikiana. Ikiwa sauti ya kuku wa nyumbani yatutatiza hivi, itakuwaje kwa ndege wa porini ambao wimbo wao una mamia ya mipindo kwa dakika moja? Swali hili ndilo lililotawala maisha ya Ludwig Koch, na ni vyema walimu na wanafunzi wetu wamfahamu.

Koch alizaliwa mwaka 1881 mjini Frankfurt, Ujerumani, katika familia ya Kiyahudi iliyopenda muziki. Fonografu, chombo alichokibuni Thomas Edison mwaka 1877, kilikuwa bado kitu cha ajabu wakati baba yake alipomletea kimoja pamoja na silinda za nta. Watoto wengine wangalikifanya mchezo wa siku mbili kisha wakakisahau. Koch alikielekeza kwa ndege wake wa kufuga aitwaye shama, mwimbaji hodari atokaye Asia, akaunasa wimbo wake. Hayo yalitokea mwaka 1889, naye akiwa na umri wa miaka minane hivi. Wimbo huo ungalipo, na ndio rekodi ya kale zaidi ya sauti ya ndege inayojulikana.

Alipokua, alijifunza fidla kisha akawa mwimbaji wa jukwaani, hadi Vita Vikuu vya Kwanza vilipoivuruga kazi hiyo. Mwaka 1928 aliajiriwa na kampuni ya santuri nchini mwake, na hapo mapenzi yake ya utotoni yakapata nyenzo. Alibuni kitabu cha sauti, yaani kitabu chenye picha na maelezo kilichouzwa pamoja na santuri, ili msomaji aone, asome na asikie kwa wakati mmoja. Mwaka 1935 alitoa kitabu cha namna hiyo kuhusu ndege waimbaji, akishirikiana na mtaalamu wa ndege Oskar Heinroth. Mwalimu yeyote atatambua mara moja thamani ya ubunifu huo.

Lakini Ujerumani ya wakati ule haikuwa na nafasi kwa Myahudi, hata awe bingwa wa namna gani. Mwaka 1936, Koch akiwa Uswisi kutoa mihadhara, ilimdhihirikia kwamba kurudi nyumbani ni kujitia hatarini. Akaelekea London, umri umempita hamsini, bila mali na bila Kiingereza fasaha. Sehemu kubwa ya kazi yake aliiacha nyuma. Wengi wangalikata tamaa. Yeye alianza upya.

Aliyemshika mkono ni mwanabiolojia Julian Huxley. Huyu si mgeni kwetu, kwani mwaka 1929 alizuru Afrika Mashariki kwa masuala ya elimu, na baada ya Vita Vikuu vya Pili akawa Mkurugenzi Mkuu wa kwanza wa UNESCO. Huxley alimkutanisha Koch na mchapishaji Harry Witherby, na kabla ya mwaka huo wa 1936 kwisha, kitabu cha sauti kuhusu ndege wa Uingereza kikawa mikononi mwa wasomaji.

Kijana wa leo hawezi kuikisia taabu ya kazi hiyo. Mitambo ilijaa gari zima. Sauti ilichongwa katika sahani za nta, na kila sahani ilibeba dakika chache tu. Nyaya ndefu zilitandazwa vichakani hadi penye maikrofoni iliyofichwa karibu na ndege, kisha watu wakangoja. Upepo, gari lipitalo mbali au mbwa abwekaye viliweza kuiharibu kazi ya asubuhi nzima. Mvumilivu hula mbivu, lakini Koch mara nyingi aliondoka hata mbichi hajaipata, na kesho yake akarejea.

Katika miaka ya vita alijiunga na shirika la utangazaji la BBC. Lafudhi yake nzito ya Kijerumani, ambayo mwalimu mkali angeiita kasoro, ikawa ndiyo alama ya kumtambulisha, na wasikilizaji wakampenda. Kipindi cha mambo ya asili kilichoanza mwaka 1946 kilifunguliwa kwa sauti ya sululu aliyoinasa yeye. Sululu yuyo huyo ambaye huikimbia baridi ya Ulaya na kuja kutafuta chakula katika fuo za pwani yetu. Mwaka 1948 BBC iliununua mkusanyo wake, nao ukawa msingi wa maktaba ya sauti za asili ya shirika hilo.

Umuhimu wa maktaba hiyo wauonekana katika filamu. Lenzi yaweza kumvuta simba aliye mbali akaonekana kama yuko mlangoni, lakini maikrofoni haina uwezo huo. Lazima isogezwe karibu. Kwa hiyo watengenezaji wa filamu hunasa sauti peke yake, au huichukua maktabani, kisha huioanisha na picha. Bila watu wa aina ya Koch, misitu ya kwenye televisheni ingekuwa mabubu.

Koch alitunukiwa nishani ya MBE mwaka 1960, akafariki mwaka 1974 akiwa na umri wa miaka 92.

Kwetu sisi maisha haya yana onyo. Lugha ya asili ya Waelmolo wa Ziwa Turkana imetoweka. Orodha za maneno haziwezi kuturudishia mwendo wa usemi wake. Hata Kikuyu na Kijaluo, lugha zenye wasemaji mamilioni, huandikwa kwa kawaida bila alama za toni, ilhali toni hubadilisha maana. Kinachobaki kwenye karatasi ni mifupa. Nyama imo katika sauti. Na msitu unapofyekwa, sauti zake nazo huondoka bila kuaga.

Koch alihitaji gari zima la mitambo. Mwanafunzi wa leo ana kinasa sauti ndani ya simu ya mzazi wake. Walimu wa sayansi na wa lugha wana sababu gani, basi, ya kutowatuma wanafunzi kumnasa ndege wa kijijini na bibi asimuliaye ngano, wakaandika tarehe, mahali na jina, kisha shule ikahifadhi? Mtoto wa miaka minane alifanya hivyo kwa nta, na hadi leo tunamsikia ndege wake.